Ndege Aliyepakwa Mafuta ya Ng'ombe

Mama wa Maziwa alikuwa na maadui wawili duniani: sindano, na mtu anayepuliza maziwa ya moto. Ukipuliza maziwa mbele yake alikunyang'anya kikombe, akammwagia paka, na kesho yake akapita mlangoni kwako bila kusimama. "Maziwa iko na heshima yake," alikuwa akisema. "Mutu mukubwa akikupa mukono, weye unaipuliza?" Kuhusu sindano hakuwa na hotuba. Akisikia tu imetajwa alijishika mkono juu ya kiwiko, akaaga, akaenda zake.

Nasema "alikuwa", lakini tafadhali msianze kunipa pole. Hajafa. Amehama tu mtaani kwetu, na tangu ahame hakuna mtu wa kunigombeza asubuhi. Sikujua kama kugombezwa nako kunaweza kumkosesha mtu usingizi mzuri.

Tulipakana paseli, kiwanja kwa kiwanja, miaka mingi, ua wa matete katikati. Mimi ni mtu wa Butembo, niliolewa Bunia, nauza vitenge sokoni, na mume wangu anafundisha biolojia katika shule ya sekondari. Kwa hiyo Mama wa Maziwa aliniita Muke ya Prof, kana kwamba mimi mwenyewe sina kichwa wala biashara. Siku nilipomlalamikia alinipima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Sasa nikuite namna gani? Muke ya vitenge? Kitenge inaoaka?" Wengi walijaribu kushindana naye kwa maneno, na wote walirudi kwao wakitafuta pa kuuweka uso.

Maziwa yake yalitoka Dele, pembeni ya mji, ambako mwanawe mkubwa alichunga ng'ombe wao. Yalifika asubuhi nyuma ya pikipiki, ndani ya bidon za plastiki, naye alizipokea bidon hizo kama mtu anavyompokea mgeni mlevi. "Plastiki inasahau," alisema. "Kibuyu ndio inakumbuka." Basi alikuwa na vibuyu vyake, na kila siku kabla ya kumimina alivifukiza. Alitupa majani makavu na vijiti juu ya makaa, akavipindua vibuyu juu ya moshi ule mmoja mmoja, mpaka ua wetu wote ukanukia. Vijiti vya mti gani, hakunitajia mpaka leo. Maziwa yakawa na ladha ya moshi kwa mbali sana, na watoto wangu hawakukubali mengine. Nikiwaletea ya dukani walinusa kikombe, wakanitazama kama nimewaletea maji ya kufulia.

Akikupimia kikombe chako, aliongeza matabisi, kidogo cha bure juu ya kipimo. Hilo halikukosa. Hata kwa mtu waliyegombana jana yake, tone la juu lilikuwepo. Lakini yeye mwenyewe hakuyanywa. Alikunywa chai kavu, nyeusi kama usiku, na sukari nyingi. Nilimuuliza sababu. "Mwenye kuuza sanduku ya maiti," akanijibu, "iko nalala ndani?"

Nimekwisha kusema juu ya sindano. Huyu ndiye mwanamke ambaye, yeye na watu wake waliposhuka wakikimbia kutoka upande wa Fataki kwa sababu ambazo kila mtu wa Bunia anazijua, alisimama kwenye kizuizi mbele ya wanaume wenye bunduki, akawaambia ng'ombe wake mmoja ana mimba na hatembei tena mpaka apumzike, kama wanataka wampige risasi yeye kwanza. Mwanawe ndiye aliyenisimulia. Wale wanaume waliangaliana, wakampisha. Na huyuhuyu, siku watu wa chanjo walipopita mtaani na mabokisi yao ya barafu, alikimbilia jikoni kwangu, akachutama nyuma ya gunia la makala, mkaa wangu wa kupikia. "Sema siko!" Mwanamke mwenyewe ni mpana, gunia limemfunika nusu tu. Dada wa chanjo aliingia, akaliangalia gunia, akasema kwa adabu, "Jambo mama." Na gunia likajibu, "Jambo." Hakuwa amekuja kwa ajili yake hata kidogo, alikuja kwa ajili ya mtoto wangu mdogo.

Sasa niwaambie habari ya ndege, maana bila ndege huyu mama yule hasimuliki.

Ni ndege mdogo, mwembamba, anaenea kwenye kiganja, na sehemu kubwa ya urefu wake ni mkia. Mkia mweusi wenye pindo nyeupe huku na huku, na hautulii: juu, chini, juu, chini, hata akiwa amesimama anafikiri. Harukiruki kama shomoro. Anakimbia mguu kwa mguu, kama mwanamke aliyechelewa misa na hataki ionekane. Akipaa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka hewani, na sauti yake ni moja tu, kali: swii! Watu wengine wa Kiswahili humwita kitikisa. Mama wa Maziwa alimwita kachungaji, kwa sababu hamwachi ng'ombe.

Msimchanganye na yule wa mjini, mweusi na mweupe, anayetikisa mkia juu ya mabati yetu mwaka mzima. Ni ndugu yake, mume wangu anasema. Mama wa Maziwa hakumheshimu. "Ile ni ya paseli," alisema. "Haiko na safari. Inakula mabaki ya fufu kama kuku."

Kachungaji anafika mwezi wa kumi, na anafika amechakaa. Mgongo rangi ya udongo, tumbo rangi ya karatasi ya zamani. Kila mmoja anajichagulia ng'ombe. Anakimbia karibu na kwato na pua, na kila nzi na kila kadudu kanakorushwa na hatua ya ng'ombe ni chakula chake. Mwenzake akisogea, anamfukuza. Jioni wote wanawaacha ng'ombe kwa pamoja, wanashuka kulala kwenye matete ya bondeni, wengi mpaka matete yanainama, wakipiga kelele kama soko siku ya Jumamosi. Asubuhi kila mmoja anarudi kwa ng'ombe wake yuleyule, au angalau Mama wa Maziwa aliapa hivyo.

Halafu, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, linaanza jambo. Manyoya ya zamani yanadondoka kidogo kidogo, mapya yanatoka, na ndege wa rangi ya udongo anageuka manjano. Koo, kifua, tumbo, mpaka chini ya mkia, manjano tupu. Madume wengine wanavaa kichwa cha kijivu, wengine cheusi, wengine hata kichwa ni manjano. Majike ni hivyohivyo lakini kwa upole. Wakishakamilika, karibu na Pasaka, wanaondoka.

Mama wa Maziwa alijua ni nini. Ndege anakula nzi. Nzi anakula kwa ng'ombe. Ng'ombe ana mafuta. "Sasa mafuta itaenda wapi?" Aliniletea kibuyu cha mafuta ya ng'ombe aliyoyasukasuka mwenyewe, akakifungua chini ya pua yangu. "Angalia rangi. Haiko sawasawa?" Ilikuwa sawasawa kabisa, siwezi kusema uongo. Na wale wenye kichwa cha manjano? Hao walimpata ng'ombe aliyezaa juzi, mwenye yale maziwa ya kwanza, mazito.

Kutoka hapo ikatoka sheria ya nyumba yao, aliyoipokea kwa mama mkwe wake. Kila Pasaka, kabla ndege hawajaondoka, mwenye ng'ombe anakwenda malishoni kuwatazama. Wakiwa manjano, ng'ombe ni wazima, wanabaki. Wakiwa wamepauka, ng'ombe wana ugonjwa wa ndani ambao hata daktari wa mifugo hauoni. Mwaka wa kwanza unawapa chumvi na dawa. Wakipauka mwaka wa pili, unawatoa kwa mchinjaji wote, kabla ugonjwa haujashuka kwenye maziwa wanayokunywa watoto wa watu. "Ngombe haiko na kinywa," alisema. "Kachungaji ndio kinywa yake."

Mume wangu hakuweza kuvumilia. Mwalimu ni mwalimu, hata kwenye ua wa jirani. Alimweleza kwamba ndege wote wa aina ile hubadilisha manyoya, ng'ombe awepo asiwepo. Rangi hutoka kweli kwenye chakula, hapo mama ana haki, lakini si siagi. Alimweleza pia kwamba hawazaliwi hapa. Kiota chao kiko mbali, kaskazini, kwenye majani mabichi ya Ulaya. Jike anachimba kakikombe ardhini, anakaza nyasi, anatandika ndani nywele za wanyama, anataga mayai yenye madoadoa. Baba na mama wanalisha pamoja. Makinda wanatoka kiotani hata kabla ya kujua kuruka vizuri, wanajificha kwenye nyasi, na baridi ikikaribia wanaanza safari: bahari, jangwa, mpaka Dele.

"Hapana," akasema Mama wa Maziwa. "Mutoto inazaliwa pale mama yake iko nakula. Banakula huku."

"Mama, ni kwenye vitabu."

"Ile kitabu iliandikwa na nani? Mutu ya Ulaya. Bien sûr, lazima atasema ndege ni ya kwake."

Lakini neno la nywele lilimwingia mama. Mwaka uleule aliwapiga ng'ombe brashi, akatundika mafungu ya nywele kwenye miiba ya ua wa zizi, ili kama kweli wanakwenda kutengeneza kiota, wasiende mikono mitupu. Alimtuma mwanawe aangalie kama yanapungua. Yalipungua. Mume wangu alisema ni upepo, nikamwambia anyamaze ale.

Swali moja tu alimuuliza mume wangu kwa kutaka jibu. Aliuliza wale waliozaliwa mwaka huu, ambao hawajawahi kufika huku, wanaonyeshwa njia na nani. Mume wangu akasema, mara nyingi hakuna. Wanazaliwa nayo. Akaizungusha sufuria mikononi. "Bajukuu yangu balizaliwa hapa Bunia," akasema mwishowe. "Ukibatuma Fataki, bo batafika Marabo." Marabo ni upande mwingine kabisa. Tulicheka, lakini yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Maana kwake ndege wale hawakuwa pambo. Waliposhuka Bunia walibaki na ng'ombe wachache sana kati ya kundi zima, wakapewa mahali Dele, na yeye hakulala kwa raha. Je, majani haya yatawakubali? Tutafukuzwa tena? Ulipofika mwezi wa kumi, asubuhi moja, kachungaji mmoja alishuka kutoka hewani akasimama mbele ya pua ya ng'ombe wake mkubwa, akatikisa mkia. Hapo, aliniambia, ndipo alipofungua mizigo. "Nilisema: kama huyu amejua siye tuko hapa, basi tumefika."

Mnielewe basi nilivyoshtuka, Pasaka ya mwaka juzi, aliporudi kutoka Dele na uso umeanguka.

"Zimekataa," akaniambia juu ya ua.

"Nani wamekataa?"

"Kachungaji. Zimepauka yote. Kama majivu."

Akawapa ng'ombe chumvi. Akawapa dawa ya minyoo. Alimwita daktari wa mifugo, ambaye aliwapapasa akasema ni wazima, naye mama akamwangalia daktari huyo kwa huruma, kama mtu asiyejua kazi yake. Mwaka mzima alisubiri. Na mwaka huo, sasa ninapoukumbuka, dalili zote zilikuwa mbele yangu, nami na akili zangu za sokoni sikuziunganisha. Alianza kumwaga maziwa nje ya kikombe, nikadhani ni matabisi yameongezeka. Aliisalimu nguo yangu iliyoanikwa kwenye kamba, akaigombeza kwa kutomjibu, nikadhani ni utani. Alikuja kwenye meza yangu sokoni, akashika kitenge chekundu, akasema hii kahawia ni nzuri. Nikamuuzia, nikafikiri kila mtu na jina lake la rangi.

Pasaka iliyofuata alinigongea asubuhi. "Muke ya Prof, vaa viatu. Unanisindikiza Dele. Mi nataka shahidi." Mchinjaji alikwisha kuambiwa. Angekuja kuwachukua ng'ombe ndege watakapokuwa wamekwenda wote, kwa sababu kumwondoa ng'ombe kachungaji wake akiwa bado miguuni pake ni mkosi.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mvua ilikuwa imeanza, majani yametoka. Ng'ombe wake watatu walikuwa wakila pamoja, mwanawe amesimama na fimbo, hajanyoa, uso wa mtu anayesubiri maziko. Na katikati ya miguu ya wale ng'ombe, Mungu wangu! Manjano. Ndege kumi na kitu wakikimbia huku na huko, na kila mmoja manjano ya kuumiza macho, kama mtu amemwaga maua barabarani.

"Unaona?" akasema Mama wa Maziwa. "Majivu tupu."

Nilimgeukia mwanawe. Akaangalia chini. "Nimesema naye," akanong'ona. "Tantine, nimesema naye mwaka jana na mwaka huu. Anasema namdanganya kwa sababu nahurumia ngombe."

"Mama," nikasema, "hawa ni manjano."

"Aka! Na weye?"

"Manjano kabisa! Kama mafuta ya kibuyu chako!"

Alinikasirikia. Alisema watu wa Butembo wanajua kuuza, hata uongo wanaufunga vizuri kwenye karatasi. Alisema alinileta niwe shahidi, si mfariji. Hapo nikashikwa na hasira mimi pia, na ni hasira ile iliyosaidia. Nilivua kilemba changu. Kilikuwa cha manjano, alikichagua yeye mwenyewe mezani kwangu miaka ya nyuma, akanilazimisha nikivae badala ya kukiuza. Nikakishika mbele ya uso wake.

"Kilemba hiki ni rangi gani?"

"Weye unanifanya mutoto?"

"Rangi gani, mama?"

Akatazama. Akakaza macho. Niliona kwa mara ya kwanza, kwenye mwanga ule wa mchana, kwamba mboni zake zilikuwa na ukungu mweupe, kama maji ya kuoshea mchele. Alinyoosha mkono akakipapasa kitambaa, akatafuta upindo aliouzoea.

"Hii ni ile nilikuchagulia," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Ile ya manjano."

"Ndiyo, mama."

Alikishika kile kilemba mkononi mpaka tunafika nyumbani. Nami sikumsukuma. Nilijua kinachofuata: daktari wa macho, na daktari maana yake sindano, na sindano maana yake gunia la makala. Ndege nao hawamsubiri mtu. Kama wangeondoka bila yeye kuwaona kwa macho yake, sheria ya mama mkwe ingesimama, na ng'ombe watatu wazima wangekufa kwa ugonjwa wa macho ya mtu mwingine. Ushahidi wangu haukuhesabika, wala wa mwanawe. Kinywa cha ng'ombe kinasema na mwenye ng'ombe tu.

Asubuhi nilimsikia ananiita kwenye ua. Alikuwa amekaa chini, sahani mbili mbele yake. Ya kwanza ina maziwa. Ya pili ina mafuta ya ng'ombe, yameyeyushwa.

"Muke ya Prof. Nimeangalia hii tangu kumekucha. Ukizungusha sahani, mi sijui gani ni gani mpaka ninuse." Akainuka kwa shida, akajifunga kitenge vizuri. "Mi nimekuza batoto na hii mafuta. Twende kwa munganga ya macho, kabla sijapata akili ya kukataa."

Hospitalini walituambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wangeanza na moja. Nilimshika mkono kwenye kitanda. Aliubana wangu mpaka pete zangu zikanikata vidole. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nilikuwa nimemtonya mlangoni. Alipokuwa anamwandaa akasema, kama anayepita tu, kwamba yeye nyumbani hupuliza maziwa ili yapoe haraka.

Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka mahali pale. Mama wa Maziwa alisahau yuko wapi. Alianza na heshima ya maziwa, akapita kwenye adabu ya vijana waliosoma, akafika kwa mama yake daktari na namna alivyomlea, na sauti yake inazidi kupanda. Alipovuta pumzi akakumbuka.

"Sindano iko wapi?"

"Imekwisha kupita, mama."

"Imepita wapi?"

"Kwako."

"Bila kuniambia!" akasema, ameudhika kabisa, na akaudhika hivyo mpaka kazi ikaisha.

Walipomfungua bandeji kesho yake, mwanawe alikuwa amekwisha kupiga simu. Mvua kubwa ilinyesha, ndege wengi wamekwenda, na mchinjaji ameonekana njiani. Hatukwenda hata nyumbani. Nilimfunika na miwani nyeusi waliyompa, tukapanda pikipiki, mimi nimemkumbatia kwa nyuma kama gunia la thamani.

Dele, ng'ombe watatu walikuwa wamesimama kwenye majani yenye maji. Hakuna ndege. Niliangalia kila mguu. Hakuna. Mchinjaji amekaa kwenye jiwe karibu na zizi, kamba mapajani, mtu mpole tu anayefanya kazi yake. Mwana wa mama akafungua mikono, yaani, tumechelewa. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia mama wakati, nyuma ya ng'ombe mkubwa, kitu kikasema: swii!

Akatoka akikimbia, mguu kwa mguu. Dume, kichwa cha kijivu. Alisimama mbele ya pua ya ng'ombe, akatikisa mkia, juu, chini, na jua likampata kifuani.

Mama wa Maziwa alivua miwani. Nilitaka kumkataza, daktari alisema asivue, lakini nilichelewa. Alisimama. Alitazama muda mrefu, jicho lile moja linachuruzika maji. Ndege akashika nzi, akamfukuza mwingine ambaye hatukuwa tumemwona, wakapaa wote wawili na kushuka tena, manjano mawili.

"Muke ya Prof," akasema.

"Mama."

"Uliniambia ni manjano." Akafuta jicho. "Haukuniambia ni manjano namna hii."

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, mimi na biashara yangu yote. Yeye akanigeukia, akanitazama kwa karibu, kwa mara ya kwanza katika miaka sijui mingapi.

"Pole," akasema. "Umezeeka."

Kisha akaenda kwa ng'ombe wake mkubwa, akaweka paji la uso kwenye shingo yake, akamsemesha kwa lugha ya kwao maneno ambayo sikuyaelewa wala sikuhitaji kuyaelewa. Mwanawe alikuwa ametupa fimbo chini na anacheka peke yake. Mchinjaji aliombwa radhi kwa adabu zote, na kwa kuwa alitoka mbali na mvua ilimnyeshea, Mama wa Maziwa akaamuru achemshiwe maziwa, akampa kikombe kwa mikono miwili. Yule baba akashukuru. Akakileta mdomoni. Akapuliza.

Kikombe kilikwisha kunyang'anywa kabla hajamaliza pumzi. Mimi na mwanawe tuliangaliana, na hapo tukajua amepona.

Jicho la pili lilifuata baada ya miezi. Hilo alikwenda mwenyewe, akamwambia daktari, "Fanya haraka, na usinipigie hadisi ya maziwa." Halafu akahamia Dele moja kwa moja. Alisema amekosa miaka miwili ya kutazama na hana nia ya kukosa tena. Maziwa sasa analeta mwanawe, katika vibuyu vilivyofukizwa, na matabisi yapo.

Mwezi wa kumi uliopita tulikwenda kumwona, mimi na mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya zizi, chai yake nyeusi mkononi, na ng'ombe wake sasa walikuwa wanne, maana mmoja alizaa. Kachungaji walikuwa wamefika asubuhi ileile. Watano, sita, wanakimbia kati ya kwato, mgongo rangi ya udongo, tumbo rangi ya karatasi, wembamba, wamechakaa kwa bahari na jangwa. Niliwaangalia nikaogopa asije akasema wamepauka tena, nikimwangalia na yeye. Lakini uso wake uling'aa kwa furaha.

"Karibu kwenu," alikuwa anawaambia. "Karibu, karibu." Kisha akatugeukia sisi. "Munaona namna banarudi bachafu? Haiko neno. Siye tuko. Tutabapaka tena."

Mume wangu akavuta pumzi, akanyoosha kidole, akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu.